Pamba ya Sokoni, Mtama wa Ghalani

Ndugu msomaji, kabla hatujaenda mbali hebu nikuulize swali moja, nawe ujibu kimoyomoyo bila kumwogopa mtu: daftari lako liko wapi? Nasema lile daftari uliloanza kuandika kwa moto. Kurasa kumi za kwanza mwandiko umenyooka kama matuta ya plau, kurasa kumi zinazofuata mwandiko umelegea, halafu kimya. Lipo chini ya godoro? Lipo juu ya kabati pamoja na chaja mbovu na risiti za umeme? Au ndiyo mmeshaagana kabisa?

La kwangu niligawa. Leo nataka nieleze nilivyoligawa na kwa nini jambo hilo bado linanisumbua, maana ndani yake kuna swali ambalo sisi vijana tunaojifunza kuandika tunalikwepa. Swali lenyewe ni hili: mwandishi ambaye hakuna anayemsoma, hakuna anayemlipa, na hata nyumbani kwao anaonekana mvivu tu aliyejificha nyuma ya kalamu, je, ana haki ya kuacha?

Mimi ni mtu wa Bariadi. Nilizaliwa wakati Bariadi bado ni wilaya ya Shinyanga, kabla mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Kazi yangu ni ya msimu. Ununuzi wa pamba ukifunguliwa, kwenye mwezi wa tano au wa sita hivi, mimi huwa karani wa chama cha msingi. Nakaa kando ya mizani, naandika jina la mkulima, kilo zake na fedha yake. Msimu ukifungwa nabangaiza. Kwa hiyo kuandika ni kazi yangu ya mchana na ugonjwa wangu wa usiku. Tofauti ni kwamba maandishi ya mchana kila mtu anayataka. Mkulima anainama kabisa kutazama kama kilo zake nimeziandika sawasawa. Maandishi ya usiku hayakuwa na hata mtu mmoja wa kuyainamia.

Nilikuwa nimepeleka mswada kwa mchapishaji mmoja. Mwaka ukakatika, sikupata jibu, hata lile la "hapana". Nikaingia mashindano, nikatoka mikono mitupu. Mshikaji mmoja tuliyeanza naye kuandika akapata dili, jina lake likaanza kusikika, nami nikampongeza kwa mdomo huku tumboni kunawaka. Nyumbani nikaambiwa wenzako wana pikipiki, wenzako wameezeka bati, wewe una nini? Madaftari! Na pamba yenyewe mwaka ule bei yake ilikuwa ya kutia huruma. Ikafika mahali nikishika kalamu naona kama nazuga tu. Noma tupu.

Basi ikafika Septemba, wakati wakulima wanang'oa masalia ya pamba na kuyachoma ili wadudu wasipate mahali pa kujificha mpaka msimu ujao. Nami nikaona nimalizane na masalia yangu. Ila sikuyachoma. Nina shangazi anayeuza karanga pale stendi, na siku hiyo karatasi za kufungia zilikuwa zimemwishia. Nikampelekea madaftari manne.

"Ng'wanawane, haya huyataki kweli?" akaniuliza.

"Chukua tu, shangazi. Ni takataka."

"Mbona yameandikwa vizuri hivi?"

"Chukua, shangazi."

Akachukua. Shangazi yangu si mtu wa kubishana na karatasi za bure.

Wiki kama mbili baadaye nipo kijiweni Somanda, akaja jamaa mmoja wa bodaboda, akanitazama weee, kisha akasema, "Wewe ndiye unayeandika? Mama wa karanga kaniambia ni wewe." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, imelowa mafuta. Ulikuwa ukurasa wangu. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Huyu manju hapa, walipomwuliza, aliwajibu nini? Karatasi yangu imeishia hapa."

Inabidi nieleze kidogo kwa wasiotoka kwetu. Wasukuma tuna vyama viwili vya ngoma ambavyo vimeshindana tangu zamani, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno makundi mawili huingia uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake na nyimbo zake mpya. Watazamaji huhama huku na kule, na upande utakaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kura ni miguu ya watu.

Babu yangu alikuwa mchezaji enzi za ujana wake. Alinisimulia, nami nikaandika, jinsi siku moja kundi lao lilivyoachwa solemba. Wapinzani waliingia na chatu, uwanja wote ukahamia kule. Manju wao akabaki anaimba mbele ya migongo ya watu. Hakuukatisha wimbo wala hakuufupisha. Aliuimba hadi mwisho, na kesho yake akaanza kutunga mwingine. Jioni ile vijana wakamwuliza: mzee, pale ulikuwa unamwimbia nani? Naye akawajibu.

Aliwajibu nini? Ukurasa uliofuata ulifungia karanga za mtu mwingine, sijui alishukia Lamadi au alifika Mwanza. Na mimi niliyeandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikukumbuka. Nilikumbuka kwamba jibu lilikuwa fupi, na kwamba babu alicheka alipolitaja. Basi. Kumwuliza babu haikuwezekana tena. Tulikuwa tumemzika mwezi wa nne mwaka uleule.

Jamaa akakunja karatasi yake. "Sasa kama wewe hujui, nani anajua?" Akawasha pikipiki, akaondoka.

Vijana wenzangu, mpaka siku ile nilidhani madaftari yale ni mali yangu. Nilidhani nikiacha kuandika nimeacha kitu changu mwenyewe, kama mtu aachavyo sigara. Kumbe mle ndani mlikuwa na amana. Babu alinikabidhi kitu, nami nikakitumia kufungia karanga kwa sababu mchapishaji, ambaye hamjui babu, hakunijibu barua. Ukiyatazama hayo mambo mawili yana uhusiano gani? Hayana. Hasira niliielekeza kwa mchapishaji, aliyelipa ni babu.

Nikampelekea kisa hiki mwalimu wangu wa zamani, sasa ni mstaafu. Hakunipa pole. Aliingia ndani, akatoka na kitabu kinene ambacho jalada lake limeshikizwa kwa gundi. "Kasome hiki," akasema, "halafu uje unieleze maana ya kukata tamaa." Kilikuwa riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali.

Kitereza alikuwa jirani yetu kabisa. Ukitoka Bariadi ukafika Lamadi, ukapita Bunda na kushuka hadi Kisorya, unapanda kivuko, unaingia Ukerewe. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1896, mtu wa ukoo wa watemi, akasoma shule za wamisionari na kujifunza lugha kadhaa za kigeni. Aliona kwa macho yake maisha ya Wakerewe yakigeuka, na wazee wakiondoka mmoja mmoja na yale waliyoyajua. Padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, akamtia moyo aandike. Kitereza akaandika kwa Kikerewe hadithi ya mume na mke wanaopendana na wanaotafuta mtoto. Ndani yake akatia kila kitu: kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kuposa, kutafuta waganga, hata jinsi mtu anavyowasalimu wakwe zake. Yeye na mkewe, Anna Katura, wenyewe hawakujaliwa kubaki na watoto. Alimaliza kuandika mwaka 1945.

Kitabu kilitoka mwaka 1980.

Hebu rudia hesabu hiyo taratibu. Ni miaka 35. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, na mswada bado upo tu. Padri aliyemtia moyo akafariki kabla jambo halijatimia. Mchapishaji wa kitabu kikubwa namna ile, kwa lugha ya kisiwa, hakupatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walikuwa Ukerewe. Walimhimiza akitafsiri kwa Kiswahili. Mzee wa miaka sabini na ushee, mwenye maradhi ya viungo, akakaa chini akakiandika chote upya. Tanzania Publishing House wakakitoa, kikachapwa China. Mwaka 1981, kabla hajaishika nakala mkononi mwake, Kitereza akafariki dunia.

Na kuna jambo jingine ambalo lilinikaa zaidi, kwa sababu ya yule mshikaji wangu aliyepata dili. Mwaka 1944, kisiwani humo humo Ukerewe, kijiji cha Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi. Yaani Kitereza anaweka nukta ya mwisho, Kezilahabi bado ananyonya. Mtoto akakua, akasoma, akaandika Rosa Mistika, ikatoka mwaka 1971 na kuzua kasheshe mpaka ikazuiwa shuleni kwa muda. Ikafuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Gamba la Nyoka mwaka 1979. Riwaya nne za mtoto wa jirani zimeshatoka, mswada wa mzee bado unasubiri! Mimi kwa mwenzangu mmoja tu mwenye jina dogo tumbo liliwaka. Na leo hii nani anaweza kusema kwamba Kezilahabi alimpunguzia Kitereza kitu? Tunawasoma wote wawili, na kisiwa kimoja kimekuwa na mashahidi wawili badala ya mmoja.

Lakini hapa naomba nisieleweke vibaya. Kuna watu wanapenda sana kusimulia visa kama hivi ili kijana anyamaze: wenzako waliteseka, nawe teseka. Hapana. Ile miaka 35 ni aibu yetu sote, tusiifanye sifa. Mzee anayebeba kumbukumbu ya watu wake alistahili kukishika kitabu chake angali na macho ya kukisoma. Na mtu anayekudai kazi bure kwa kisingizio cha moyo wa uandishi, mwambie karatasi hailiki. Tunayo haki ya kudai malipo, kudai majibu, kudai maktaba na mashindano ya haki.

Ninachotaka kujua ni kitu kingine. Ni nini kilichomfanya mswada wake auhifadhi miaka yote hiyo, wakati mimi wa kwangu haukumaliza miaka miwili? Tuseme alikuwa na moyo wa chuma? Sidhani. Nadhani alikuwa na sababu ya aina nyingine, na namna nzuri ya kuieleza naijua kutoka shambani.

Kwetu Simiyu mkulima hupanda pamba, na hupanda mtama au mahindi. Pamba ni ya sokoni. Huwezi kuila. Thamani yake yote iko kwenye mdomo wa mnunuzi, na mnunuzi naye anatazama soko la dunia, huko ambako hakuna anayekujua. Bei ikianguka, pamba ile ile uliyoitolea jasho inakuwa si kitu. Mtama ni wa ghalani. Bei ipande, bei ishuke, watoto watakula. Mkulima mwenye akili hulima vyote viwili, kwa sababu ada ya shule hailipwi kwa ugali, na pamba haipikwi. Anayelia kuliko wote msimu mbaya ukija ni yule aliyepanda pamba mpaka mlangoni.

Mimi nilikuwa nimepanda pamba mpaka mlangoni. Kila nilichoandika nilikiandika kwa ajili ya jina, tuzo, na siku watakayonyamaza wale wanaonicheka. Hayo si maovu, naomba tusidanganyane, kila mwandishi anayataka. Lakini yote yako mikononi mwa watu wengine. Wao wakikaa kimya, nawe huna kitu ghalani. Kitereza aliandika ili kitu fulani kisipotee. Kila ukurasa alioumaliza tayari ulikuwa umetimiza nusu ya kazi yake, hata kama hakuna aliyeusoma siku hiyo. Soko lilipochelewa, lilichelewa tu. Halikuwa na uwezo wa kumwambia kwamba kazi haina maana, kwa sababu si soko lililompa maana hiyo.

Tena tazama jinsi alivyosubiri. Hakukaa akakunja mikono akisema siku yangu itafika. Lugha aliyoipenda ilipokosa mlango, aliipitisha kazi kwenye lugha nyingine, kwa vidole vinavyouma. Kuna ukaidi ambao sisi vijana tunauita msimamo: hadithi yangu nzuri, wao ndio hawaelewi. Kumbe mwenye amana hujali amana ifike, hata ikibidi abadilishe gari. Na wala hakuwa peke yake. Alikuwa na mke, alikuwa na padri, baadaye akawa na wale wageni wawili. Katika miaka 35 ukiwahesabu watu waliomwambia "endelea" pengine hawajai hata basi dogo, lakini walikuwepo. Asiye na msomaji hata mmoja, jambo la kwanza akamtafute huyo mmoja.

Sasa turudi kwenye swali. Mwandishi ana haki ya kuacha? Jibu langu ni kwamba tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni kupumzika. Hilo ni ruksa kabisa, hata shamba hupumzishwa, na asiyepumzika ataanza kuandika uongo. La pili ni kuacha. Jiulize: nikiacha leo, nini kitapotea ambacho hakuna mwingine atakayekiokota? Kama ukijibu kwa uaminifu kwamba hakuna, acha kwa amani. Kafanye kazi nyingine na usijione umeshindwa, maana dunia haikupungukiwa. Lakini jibu kwa uaminifu! Usiseme "mimi siandiki mambo ya wazee, naandika mapenzi tu na vituko vya mtaani." Nani atakayeandika jinsi mkulima anavyoinama kwenye mizani, akihesabu kwa midomo, akiogopa kumwambia karani kwamba kakosea? Nani atakayeandika kilichosemwa kijiweni juzi? Hayo nayo yatapotea, na upesi kuliko ya wazee, kwa sababu hakuna anayedhani yana thamani.

La tatu ni kuharibu, yaani kuchoma, kufuta kwenye simu, kufungia karanga. Hapo ndipo ninaposema hapana, huna haki hiyo siku ya hasira. Unayoyaharibu si yako peke yako, na wewe wa leo uliyevunjika moyo si hakimu anayefaa kumhukumu wewe wa kesho. Yaweke hata kwenye gunia. Gunia halili chakula.

Nilirudi kwa shangazi. Madaftari mawili yalikuwa yamekwisha, mawili yalikuwa bado. Alinirudishia bila neno, isipokuwa alinidai karatasi nyingine, nikamnunulia. Siku hizi nikitoka kwenye mizani huandika ukurasa mmoja. Kuna siku unakuwa nusu. Hamasa yenyewe naona haiji kabla ya kazi, huja katikati, kama mgeni anayesikia harufu ya chakula. Na Jumapili huwa natafuta wazee.

Nimeshawauliza watatu kuhusu yule manju. Wawili walimjua ila hawakuwepo siku ile. Wa tatu, mzee mmoja ambaye sasa haoni vizuri, alikuwepo, lakini alikuwa upande wa pili, upande wa chatu.

"Mwadila, guku," nilimsalimu, nikakaa, nikamwuliza kama amewahi kusikia manju alijibu nini.

Hakusikia. Angesikiaje, alikuwa mpinzani. Lakini akasema wimbo wenyewe anaujua.

"Mzee, si uwanja mzima ulikuwa kwenu? Kelele, ngoma, chatu?"

"Ulikuwa kwetu," akasema. "Na yeye tulimsikia."

Akaniimbia alichokumbuka, mishororo michache, sauti inakatika. Akapumzika, akairudia ili niandike. Niliandika. Jibu la manju kwa vijana wake bado sinalo, na sitalitunga. Nafasi yake nimeiacha wazi kwenye daftari, mistari mitatu mitupu, maana yupo mtu anayelijua, pengine Itilima, pengine Maswa, na pengine umri wake haumruhusu kunisubiri mpaka mchapishaji ajibu.

Nawe, ndugu yangu, nenda kalitazame lile gunia.